Aliyekuwa mpangaji mwenzangu ameondoka bila kulipa sehemu yake ya kodi: nidai kiasi gani, na nidai vipi?

Mleta mada

Ndugu wanajamvi, naomba mawazo yenu katika jambo linalonisumbua kwa sababu mdaiwa ni mtu niliyeishi naye vizuri kwa muda mrefu. Tulipanga nyumba moja, tukatia saini mkataba mmoja wa mwaka, na tukakubaliana kwamba kila mmoja atatoa nusu ya kodi. Mkataba wenyewe hausemi lolote kuhusu nusu kwa nusu. Makubaliano hayo yamo katika jumbe zetu za simu tu, pamoja na rekodi za malipo zinazoonyesha kwamba ndivyo tulivyokuwa tukifanya tangu mwanzo.

Kwa urahisi wa hesabu, tuseme kodi ilikuwa 600 kwa mwezi, hivyo kila mmoja alipaswa kutoa 300. Miezi miwili kabla ya kuhama, mwenzangu aliacha kutoa sehemu yake, nami nikalipa kodi yote ili tusitolewe nje. Baadaye alihama, ikiwa imesalia miezi mitatu mkataba uishe. Miwili ya mwanzo nilibeba kodi yote, na katika mwezi wa mwisho nilimpata mpangaji mwingine, kwa ridhaa ya mwenye nyumba, ambaye alikubali kulipa 250. Mwenye nyumba bado anashikilia amana yetu ya 600, ambayo tuliitoa nusu kwa nusu. Mwenzangu ameacha kitanda na meza, na aliwahi kuniandikia kwamba anaitambua ile miezi miwili na atanilipa mambo yakimnyookea. Tangu hapo ni kimya.

Maswali yangu ni matatu. Je, ninaweza kumdai miezi ya baada ya kuondoka kwake, au deni linaishia siku aliyokabidhi ufunguo? Je, ninaweza kushikilia vitu vyake mpaka alipe? Na ikiwa hatajibu kabisa, kuna faida yoyote ya kulipeleka jambo hili mbele?

Mchangiaji wa kwanza

Ushauri wangu ni msamehe. Pesa hutafutwa na hupatikana, lakini mtu mliyelala chini ya paa moja hapatikani tena kirahisi. Kama hali yake ingekuwa nzuri, angelipa bila kusubiri kudaiwa.

Mchangiaji wa pili

Sipingani na msamaha, ila msamaha hutolewa na mtu anayejua anasamehe kiasi gani. Kwa sasa mleta mada ana malalamiko tu, bado hana dai, na tofauti kati ya viwili hivyo ni kubwa kuliko watu wengi wanavyodhani. Nitaeleza kwa urefu kidogo, kwa kuwa nimeona kesi za namna hii zikiharibika si kwa sababu mdai hakuwa na haki, bali kwa sababu alichanganya mambo ambayo yalipaswa kutenganishwa tangu siku ya kwanza.

Katika nyumba yenu kulikuwa na madeni ya aina mbili. La kwanza ni deni lenu ninyi wawili kwa mwenye nyumba. Mlipotia saini mkataba mmoja, katika nchi nyingi sheria huwaona kama wadaiwa kwa pamoja na kila mmoja peke yake, maana yake ni kwamba mwenye nyumba anaweza kumdai yeyote kati yenu kodi yote, wala makubaliano yenu ya nusu kwa nusu hayamfungi yeye kwa namna yoyote. Ndiyo sababu mpangaji anayejitetea kwa kusema kwamba ameshalipa nusu yake, na iliyobaki ni ya mwenzake, hujikuta nje pamoja na huyo mwenzake. Kwa hiyo ulifanya sawa kulipa kodi nzima.

Deni la pili ni la mwenzako kwako. Hili limezaliwa siku ulipolipa kile ambacho ndani ya nyumba kilikuwa juu yake, na hapa ndipo makubaliano yenu ya nusu kwa nusu yanapopata nguvu, hata kama yaliandikwa katika simu tu. Makubaliano ya mdomo nayo mara nyingi hukubalika, isipokuwa kuyathibitisha ni kazi ngumu zaidi. Na ushahidi bora kuliko maneno ya mtu yeyote ni mwenendo wenu wenyewe, yaani ile mfululizo ya malipo ya 300 kila mwezi kutoka kwake kabla hajaacha.

Sasa nijibu swali lako la kwanza. Kuhama hakumalizi mkataba. Mtu aliyetia saini ya mwaka mmoja anaendelea kuwajibika mpaka mwaka uishe, au mpaka mwenye nyumba amwachilie rasmi, au mpaka mtu mwingine achukue nafasi yake kwa ridhaa ya wahusika wote. Hata hivyo, miezi ya baada ya kuondoka haina uzito sawa na ile miwili ya kwanza. Ile ya kwanza aliishi humo na ameikiri kwa maandishi, hivyo hana pa kutokea. Hii ya baadaye anaweza kuibishia, akisema kwamba mlikubaliana aondoke, au kwamba ulikaa ukisubiri nyumba ijilipie badala ya kutafuta mtu wa kuziba pengo. Kwa bahati nzuri ulimtafuta mpangaji mwingine na ukampata, jambo linaloonyesha kwamba hukukaa tu huku hasara ikikua. Hifadhi kila tangazo ulilotoa na kila ujumbe wa watu waliokuja kuiona nyumba, kwa sababu huo ndio utakaojibu hoja hiyo.

Hesabu yako basi ni hii: miezi miwili ya kwanza 600, miezi miwili baada ya kuondoka 600, na mwezi wa mwisho 50 tu, kwa kuwa mpangaji mpya alilipa 250 kati ya 300. Jumla ni 1,250. Usimdai 300 ya mwezi wa mwisho kwa hoja kwamba mkataba ulikuwa wake; hapo utakuwa umelipwa mara mbili, na ukionekana una tamaa katika kifungu kimoja, hata vile vifungu vilivyonyooka vitatiliwa shaka.

Mleta mada

Nashukuru sana kwa ufafanuzi huo. Kuna jambo dogo ambalo sikulitaja: katika mwezi wake wa mwisho alilipa gharama ya intaneti ya nyumba nzima, 40, nami sikumrudishia nusu yangu. Pia aliniachia usafi wa jiko na ukuta uliochubuka, na kusema kweli usafi ule ulinichukua muda mwingi. Je, yote hayo yaingie?

Mchangiaji wa pili

Ile 20 ya intaneti iondoe wewe mwenyewe kabla hajakuuliza, ili dai lako liwe 1,230. Dai linaloonyesha na haki ya upande wa pili humnyima mdaiwa kisingizio cha kwanza ambacho wadaiwa wote hukikimbilia, yaani kwamba na wewe unadaiwa.

Usafi na ukuta viache. Ukuta ni suala la mwenye nyumba na amana, na huwezi kuupangia bei kabla yeye hajaikagua nyumba. Jasho lako la jikoni halina risiti. Ninaelewa linauma, lakini ukiliingiza katika karatasi moja na kodi, mazungumzo yatahama kutoka kwenye kodi, ambayo haina ubishi, kwenda kwenye nani alikuwa akiosha sufuria, na hapo hakuna mtu aliyewahi kushinda.

Mchangiaji wa tatu

Mimi ni mtu wa kupangisha nyumba, naomba niseme upande wetu. Wapangaji wanapogombana, kosa ambalo hutuudhi zaidi ni kutaka tuwe waamuzi. Hatujui mligawana vipi, wala hatutaki kujua. Tunachoweza kukupa, na ambacho watu hawaombi, ni taarifa ya maandishi ya hesabu ya nyumba: kodi ya kila mwezi ilikuwa kiasi gani, ililipwa tarehe gani, na ilitoka kwa nani. Karatasi hiyo moja, ikiwa imetoka kwa mtu asiye na upande, ina thamani kuliko picha mia za mazungumzo ya simu. Iombe mapema, kabla mkataba haujaisha na kabla uhusiano wenu na mwenye nyumba haujapoa.

Kuhusu amana, kuwa mwangalifu. Wengi wetu hurudisha amana kwa pamoja, mwishoni, baada ya kukagua nyumba na kukata gharama za uharibifu. Usimwombe mwenye nyumba akupe wewe nusu ya mwenzako kwa sababu unamdai, maana akikubali bila idhini ya maandishi ya yule mwingine anajiweka katika hatari ya kuilipa mara mbili. Mwombe mwenzako atoe idhini hiyo. Mara nyingi hukubali, kwa kuwa kuachia pesa ambayo hujaishika ni rahisi kuliko kutoa uliyo nayo mfukoni.

Mchangiaji wa nne

Kwa maoni yangu vile vitu alivyoviacha ni dhamana tosha. Kiuze kitanda, uza na meza, mambo yaishe.

Mchangiaji wa pili

Hapana, na naomba mleta mada asilifuate hili hata kwa mzaha. Vitu vya mtu haviwi vyako kwa sababu anakudai au unamdai. Ukiviuza bila ridhaa yake, au ukikataa kumpa anapovifuata, unaweza kugeuka wewe kuwa mshtakiwa, na deni lililokuwa wazi litazamishwa na kesi ya mali. Njia salama ni kumwandikia kwamba vitu vyake vipo, viko salama, na kwamba anaweza kuvichukua kabla ya tarehe utakayoitaja, tarehe yenye nafasi ya kutosha. Piga picha za hali yake. Ikiwa atapendekeza mwenyewe kwamba uvichukue kwa sehemu ya deni, kubalianeni bei kwa maandishi, kisha ipunguze kwenye 1,230. Tofauti kati ya kunyang'anya na kupokea iko katika sentensi moja aliyoiandika yeye.

Mleta mada

Nimeelewa, vitu nitamwandikia aje avichukue. Sasa naomba msaada katika barua yenyewe. Kila nikianza kuandika, inageuka historia ya urafiki wetu.

Mchangiaji wa tano

Nimeshughulika na barua za madai kwa miaka kadhaa kazini, na nitakueleza zile zinazolipwa zinavyofanana. Ni fupi. Zinaanza na makubaliano, kisha hesabu, kisha tarehe, na hazina kivumishi hata kimoja kinachomhusu mdaiwa. Yako inaweza kusomeka hivi:

"Tulipanga nyumba kwa mkataba tuliotia saini sote wawili, na tulikubaliana kila mmoja alipe nusu ya kodi, yaani 300 kwa mwezi. Nimelipa sehemu yako kwa miezi miwili kabla hujahama na miezi miwili baada ya kuhama, jumla 1,200. Mwezi wa mwisho mpangaji aliyechukua nafasi yako alilipa 250, nami nikaongeza 50. Nimeondoa 20 ambayo ni nusu yangu ya gharama ya intaneti uliyolipa. Kiasi ninachokudai ni 1,230. Ukiniidhinishia kwa maandishi kupokea nusu yako ya amana, kiasi kitakachorudishwa nitakipunguza humo. Naomba unilipe, au unipe mpango wa kulipa kwa awamu, ndani ya siku 14 tangu tarehe ya barua hii. Nimeambatisha nakala za malipo."

Basi. Usiongeze kwamba umesikitika, wala usimkumbushe ulivyomuuguza alipoumwa. Na usitishie jambo usilokusudia kulifanya: ukitaja mahakama, uwe tayari umeshajua ni ipi na ada yake ni kiasi gani. Vitisho vya polisi navyo viepuke, kwa sababu kutolipa deni la makubaliano, kwa kawaida, ni suala la madai wala si jinai, na mdaiwa anayelijua hilo ataidharau barua nzima.

Itume kwa njia mbili, moja ikiwa ile mliyozoea kuwasiliana na nyingine ikiwa inayoacha alama ya kupokelewa. Usiitume katika kundi la marafiki, na usiliweke jina lake mtandaoni ukimwita tapeli. Najua inashawishi. Lakini kumwanika mtu hadharani kunaweza kukuletea dai la kashfa, na hata pasipo dai hilo, mtu aliyekwisha kuaibishwa hana tena sababu ya kulipa ili kulinda jina lake.

Mchangiaji wa sita

Naomba kuuliza jambo linalokaribiana na hili. Mimi mkataba uko kwa jina langu peke yangu, na niliyeishi naye alikuwa akinipa mimi sehemu yake bila karatasi yoyote. Naye ameondoka na deni. Je, hali yangu ni hiyo hiyo?

Mchangiaji wa pili

Hali yako ni tofauti kidogo. Kwa mwenye nyumba mdaiwa ni wewe tu, huyo mwenzako hamjui. Kati yenu wawili kuna makubaliano ya mdomo, ambayo unaweza kuyathibitisha kwa malipo aliyokuwa akikutumia. Tatizo liko kwenye miezi ya baada ya kuondoka: yeye hakutia saini ya mwaka, kwa hiyo itakuwia vigumu kudai zaidi ya muda aliokaa, pengine na kipindi cha notisi kinachoweza kuhesabika kuwa cha haki. Soma pia mkataba wako kama uliruhusiwa kumweka mtu mwingine ndani, kabla hujalipeleka jambo hili mahali ambapo mwenye nyumba ataitwa kutoa ushahidi.

Mchangiaji wa saba

Narudi kwa mleta mada na swali lake la tatu, kwa sababu limesahaulika. Faida ya kwenda mbele inategemea mambo mawili ambayo hayana uhusiano na haki: unajua anakoishi, na ana kipato au mali inayofikika? Hukumu ya mahakama haikupi pesa. Inakupa haki ya kuzitafuta kwa nguvu ya sheria, kwa mfano kupitia mshahara wake au mali zake, na kazi hiyo ya kukazia hukumu ina gharama na usumbufu wake. Kumshinda mtu asiye na anuani wala ajira ni kushinda karatasi.

Kama vyote viwili vipo, nchi nyingi zina mahakama au utaratibu wa madai madogo ambapo mtu husimama mwenyewe bila wakili, na dai la aina yako, lenye kiasi kimoja na nyaraka chache, ndilo hasa lililokusudiwa huko. Nchini Kenya, kwa mfano, mahakama hizo zilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2016. Kabla ya hapo, jaribu usuluhishi ikiwa kuna mtu ambaye ninyi wawili mnamheshimu, mradi asiwe mmoja wa marafiki waliokwisha kuchagua upande.

Huna haja ya kukimbia, lakini usilale. Madai ya mkataba yana ukomo wa muda: Kenya na England ni miaka 6, na Ujerumani kwa kawaida ni miaka 3 inayohesabiwa tangu mwisho wa mwaka ambao dai lilizaliwa. Katika mifumo mingi, mdaiwa akilikiri deni kwa maandishi au akilipa sehemu yake kabla muda haujapita, muda huanza kuhesabiwa upya. Ndiyo maana ule ujumbe wake wa kuitambua miezi miwili ni mali. Uhifadhi katika sehemu zaidi ya moja, ukiwa na tarehe na namba iliyoutuma, kwa sababu simu hupotea.

Mchangiaji wa kwanza

Nakubali kwamba ni bora ajue kiasi kabla ya kusamehe. Bado nasema asiingie mahakamani kwa mtu ambaye huenda amepoteza kazi.

Mchangiaji wa saba

Hapo tunakubaliana, ila mtu aliyepoteza kazi anaweza kusema hivyo kwa sentensi moja. Ukimya ndio unaowafikisha watu mahakamani, si umaskini.

Mleta mada

Ndugu zangu, naleta mrejesho. Niliituma barua kama ilivyopendekezwa, pamoja na ujumbe tofauti kuhusu vitu vyake. Amejibu. Anakubali miezi yote aliyoishi humo, anaibishia miezi ya baadaye akisema aliniarifu mapema kwamba atahama, na amependekeza kulipa 900 kwa awamu, tukimaliza hapo. Idhini ya amana ameitoa. Kitanda na meza atavifuata mwenyewe. Alieleza pia, kwa mara ya kwanza, kwamba kipato chake kilikuwa kimekatika. Je, 900 inatosha?

Mchangiaji wa pili

Swali la kwanza ni kama hiyo 900 ni pamoja na nusu yake ya amana au ni juu yake. Ikiwa amana itarudi nzima, kuna 300 hapo. 900 juu ya 300 ni 1,200, na kukataa 1,200 kwa ajili ya kupigania 1,230 hakuna maana. Lakini ikiwa 900 inajumuisha amana, atakuwa anatoa 600 mfukoni, yaani ile miezi miwili ambayo tayari aliikiri, na miezi ya baadaye yote ameiacha kwako isipokuwa kile kitakachotoka kwenye amana. Muulize hilo kwa maandishi kabla hujasema ndiyo. Mimi ningekuwa wewe ningekubali hata hesabu hiyo ya pili, mradi awamu ya kwanza ilipwe siku ya kutia saini, kwa kuwa miezi ya baadaye ina ubishi wa kweli na wewe unajua hivyo.

Mchangiaji wa tano

Mkikubaliana, andikeni ukurasa mmoja: jumla ya deni analolikiri, kiasi cha kila awamu, tarehe zake, njia ya malipo, na kitakachotokea akikosa awamu. Kifungu hiki cha mwisho ndicho watu hukiruka. Andika kwamba punguzo linategemea kulipa kwa wakati, na kwamba akikosa awamu na asiifidie ndani ya siku 7, kiasi chote cha 1,230, baada ya kutoa alichokwisha kulipa, kitadaiwa mara moja. Bila maneno hayo utakuwa umesamehe sehemu ya deni leo kwa ahadi ya kesho. Tieni saini wote wawili, akiwepo shahidi, na kila mmoja abaki na nakala.

Kila awamu ikiingia, mpe stakabadhi inayotaja kilicholipwa na salio. Ikilipwa ya mwisho, mwandikie kwamba deni la kodi ya nyumba ile limekwisha na humdai tena chochote kuhusiana nayo. Hiyo anaihitaji yeye kama wewe ulivyohitaji ujumbe wake wa kwanza, na kumwahidi tangu mwanzo kwamba ataipata kunaweza kuharakisha malipo.

Mleta mada

Amejibu kwamba 900 ni juu ya amana. Tunatia saini mwishoni mwa juma, na mwenye nyumba amekubali kuwa shahidi baada ya kumhakikishia kwamba hatutamwomba aamue lolote.